Mama Vidonge Amenyanyua Mkono

Mwenzetu tunayemwita Mama Vidonge anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Juni, baada ya kuutumikia uwanja wetu wa peintiboli kwa miaka ishirini na minne na miezi mitano. Ana umri wa miaka hamsini na saba. Alikusudia kuondoka akitimiza sitini, na kilichomfanya aondoke mapema ndicho kilichonifanya niombe kuuandika wasifu huu mimi, refa mkuu, ambaye kazi yangu ni kupuliza filimbi na kugombana na wateja. Wapo ambao wangeuandika kwa Kiswahili kizuri zaidi. Lakini mimi nilikuwepo, na jambo lenyewe linanihusu.

Aliajiriwa kufua. Kwa wageni wetu wasioujua mchezo huu, watu hugawanyika timu mbili, wakajificha nyuma ya mapipa na kuta za mbao, wakapigana risasi za rangi. Risasi zenyewe ni vidonge vya mviringo vinavyopasuka vikikugusa na kukuacha na doa. Ukipata doa, unanyanyua mkono juu mwenyewe na kutoka uwanjani bila kungoja kuambiwa. Mama Vidonge alifua madoa hayo mwaka mzima kwenye karo lililo nyuma ya karakana, huku akichungulia dirishani kuona fundi wa bunduki anafanya nini. Fundi alipohama tulikaa wiki mbili tukibabaisha. Wiki ya tatu mama akajifuta povu, akaingia karakanani, akaifungua bunduki iliyokuwa imekwama, akaitengeneza, akaitundika kwenye rafu, kisha akarudi kufua. Bosi alimfuata hadi karoni kumwomba radhi kwa kutomuuliza mapema.

Tangu siku hiyo bunduki zote sitini na nne zikawa zake. Zilikuwa za kopo. Kopo ni chombo cha plastiki kinachokaa juu ya bunduki. Unakijaza vidonge, navyo hushuka kimoja kimoja kwa uzito wao wenyewe. Shida huja vidonge viwili vinapogombania shingo ya kopo. Hapo hakishuki hata kimoja, na mteja hubaki akifyatua hewa tupu wakati wenzake wanampaka rangi. Dawa yake ni kutikisa. Mama alimfundisha kila mgeni namna ya kutikisa, polepole, kama mtu anayepepeta mchele. Meneja mmoja wa benki hakusikia la mtu, akatikisa kwa hasira hadi kopo likaruka, vidonge vikatapakaa na timu yake nzima ikaenda chini. Mama alimpa ufagio, akamsimamia mpaka kidonge cha mwisho.

Masikio yake yalikuwa gumzo. Alikuwa akitikisa kopo anakutajia idadi ya vidonge vilivyomo. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilimtilia kumi ili nimuumbue mbele ya watu. Akatikisa, akasema ni tisa. Nikabisha mpaka mishipa ya shingo ikanitoka. Tukavimwaga mezani, vikawa tisa kweli. Cha kumi kilikuwa mfukoni mwangu kimeshapasuka, na suruali ile nilimpelekea yeye aifue.

Kwa sikio hilohilo alitulinda. Kila bunduki iliporudi kutoka uwanjani, aliivua kopo, akaileta karibu na sikio, akaitikisa mara mbili. Kidonge kilichosalia tumboni mwa bunduki hucheza, naye alikisikia. Kama hakuna kitu, alisema neno moja tu, "Safi," na hapo ndipo sisi tulipothubutu kuigusa bila barakoa. Mitungi ya hewa inayosukuma risasi hatukuivua kati ya kundi moja na jingine, kwa sababu nafasi yenyewe ni dakika kumi, kwa hiyo kati ya macho yetu na rangi palikuwa na neno hilo peke yake. Hatukuwa na utaratibu mwingine wala hatukuutafuta. Nani angeutafuta wakati mama yupo?

Aliyeleta habari za mirija ni mimi. Nilikuwa nimechoka na malalamiko ya bunduki kukwama, na uwanja wa upande wa pili wa mji ulikuwa umeshaanza kutumia mirija. Mrija ni bomba la plastiki angavu lenye springi ndani, linalochomekwa ubavuni mwa bunduki. Springi inasukuma vidonge, hakuna kukwama wala kutikisa, na wala hakuna kelele. Niliizungumzia mirija kikao baada ya kikao hadi mhasibu akaniomba nipumzike. Mama Vidonge hakuipenda hata kidogo. Alisema bunduki isiyosema chochote haiaminiki, na watu wengi walicheka, mimi nikiwa wa kwanza.

Bosi akaamua mambo yasiwe ya ubishi. Alinunua mirija ya bunduki sita, akatoa miezi mitatu ya majaribio, na akasema uamuzi wa kuitumia au kuiacha atautoa Mama Vidonge peke yake, kwa ripoti ya maandishi. Sote tulielewa uzito wa jambo hilo. Kopo linataka fundi mwenye sikio, tena kila siku. Mrija unataka mtu yeyote mwenye macho. Akisema ndiyo, atakuwa amejifungia mlango wa karakana kwa mkono wake mwenyewe.

Majaribio aliyaendesha kwa haki mpaka nikaona aibu. Aliandika kila kitu kwenye daftari la mistari: ni risasi ngapi zimetoka, ngapi zimepasuka ndani, ni mteja gani kafurahi. Aliandika pia, bila kucheka, kwamba wateja wa zamani wanaendelea kuzitikisa bunduki za mirija ingawa hakuna cha kutikisa, na kwamba refa mkuu naye anatikisa. Katika mwezi wa pili springi moja ilimfyatukia ikamchana kiganja cha kulia. Alifungwa bandeji nene, akarudi kazini kesho yake.

Hapa lazima nikiri ujinga wetu. Kwa karibu miaka miwili mama alikuwa amebadilika. Ulikuwa ukimsalimia kwa nyuma anapita. Nilikuwa nikipuliza filimbi mlangoni hageuki. Tulisema amevimba kichwa, kwa sababu bosi anamsikiliza sana. Dada wa mapokezi aliacha kumsalimia mwezi mzima, na mimi nilimuunga mkono. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba mtu anayefanya kazi mita mbili kutoka kwenye kompresa ya hewa kwa miaka ishirini na mitatu anaweza kuharibikiwa na masikio. Sikio la Mama Vidonge liharibike? Tungeamini kwanza kwamba paa limeota majani.

Jumamosi moja asubuhi, wiki moja kabla ya ripoti, kundi la kwanza lilitoka na bunduki zikarudi karakanani. Mama akaichukua namba kumi na tisa, bunduki ya kopo, ya zamani kuliko zote. Akaileta sikioni, akatikisa mara mbili, akasema safi. Nikaipokea, nikavua kifuniko cha mtutu ili nifute rangi, na kidole changu kikagusa kifyatulio.

Kidonge kilinipiga mfupa wa shavu. Nilikaa chini sakafuni bila kupanga. Uso wote ulikuwa rangi ya kijani, na kwa muda sikujua kama jicho lipo au halipo. Mama alinifuta kwa pindo la nguo yake. Jicho lilipofunguka nikaona, aliweka kidole chake kati ya jicho na jeraha. Kilienea sawasawa, bila nafasi kubaki.

Hapo ndipo aliponiambia. Alisema, akiniita kwa jina alilonipa yeye, "Filimbi, mwanangu, mimi sisikii. Huu mwaka wa pili. Nilikuwa nikisikia kwa kiganja."

Nikatazama bandeji yake nikaelewa yote. Kwa miaka miwili alikuwa akiileta bunduki sikioni kwa mazoea na ili tusijue, lakini kiganja kilichokuwa chini yake ndicho kilichokuwa kikihisi kidonge kikicheza. Kiganja kilipofungwa bandeji, hakubaki na kitu. Na alikuwa na matumaini kwamba kidonda kingepona kabla ya lolote kutokea.

Ninayoyaandika sasa sijivunii. Nilimshika mabega ili auone mdomo wangu, nikamwambia tuseme nimejigonga kwenye mlango. Nikamwambia aandike kwamba mirija haifai, makopo yabaki, naye abaki. Mimi nitakuwa nakagua nyuma yake kimyakimya mpaka atimize sitini, na hakuna atakayejua. Mimi huyohuyo niliyeipigia debe mirija mwaka mzima. Nilikuwa tayari kula matapishi yangu, mradi asiondoke.

Alinisikiliza kwa macho hadi mwisho. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini ambayo nadhani hata yeye hakuisikia, "Wateja wanaofuta rangi ili waendelee kucheza, wewe si unawafungia? Sasa mbona unanifundisha mimi kufuta?"

Yeye alichukua daftari lake akatoka. Kutoka karakana hadi ofisi ya bosi ni kiwanja cha kokoto, hatua kama arobaini. Alipofika katikati, nikamwona akinyanyua mkono juu ya kichwa, ule wenye bandeji, kama anavyofanya mchezaji aliyepigwa anapotoka uwanjani. Wateja waliokuwa wakinywa maji kivulini walicheka, wakidhani ni utani. Mimi nililia palepale mlangoni, rangi bado masikioni.

Ripoti yake ilikuwa na ukurasa mmoja. Alisema mirija itumike kwa bunduki zote. Hakutaja kasi wala wateja. Aliandika kwamba kopo linategemea sikio la mtu mmoja, na sikio la mtu mmoja linaweza kufa bila wengine kujua. Mrija unaonekana ndani, ukiuchomoa tundu linabaki wazi, na macho yapo tele. Akaongeza utaratibu tunaoufuata sasa: watu wawili watazame tundu, kisha risasi mbili zifyatuliwe ndani ya pipa la mchanga lililo mlangoni kabla ya mtu kuvua barakoa. Mwisho akaeleza kilichonipata mimi na akataja jina la aliyekosea, yaani lake.

Bosi alimwomba abaki mahali pengine. Alimtajia mapokezi, akamtajia stoo. Mama alimshukuru akakataa. Alisema mapokezi kuna simu, na stoo kuna dirisha linaloelekea karakana, na yeye hawezi kukaa dirishani akitazama wengine wakifanya kazi yake nusunusu. Kwa hiyo akaomba kustaafu. Miezi hii ya mwisho ameitumia kutufundisha mirija, mmoja mmoja, na waliodhani anaionea wivu wamejifunza kutoka kwake kila wanachokijua. Dada wa mapokezi alikwenda kumwomba radhi. Alisimama mbele yake kabisa, akazungumza taratibu, na mama akamwambia asijisumbue, yeye mwenyewe angejinunia.

Nilimwona akilia mara moja tu. Lilipokuja lori la wanaonunua plastiki chakavu, makopo yote yalitiwa kwenye magunia. Mama alisimama getini. Gunia la mwisho lilipopita, aliweka kiganja juu yake, kidonda kikiwa kimepona, akatembea nalo hadi kwenye lori akihisi yale makopo yakigongana. Sijui alihesabu nini. Siku hizi karakana iko kimya, kazi inakwenda vizuri, hakuna bunduki inayokwama, na mimi ninauchukia ukimya huo.

Mama Vidonge, asante kwa miaka ishirini na minne ambayo kila mmoja wetu alirudi kwake na macho mawili. Asante kwa madoa uliyoyafua na yale uliyokataa kuyafuta. Tunakuombea siku za utulivu, usingizi wa kutosha na afya njema, na wajukuu wasiochoka kuzungumza wakikutazama usoni. Mlango wa karakana utaukuta wazi siku yoyote utakayopita.

Wasifu huu tumeuchapa kwa herufi kubwa na kuuweka mkononi mwako, na mikononi mwa wageni, kwa sababu tulijua nikiusoma kwa kipaza sauti ungebaki kutabasamu kwa adabu tu. Mwanao nesi ameketi kando yako kukuonyesha mistari. Soma bila haraka, sisi tunakungoja. Leo hatutapiga makofi. Ukifika hapa, inua kichwa, utazame ukumbini. Sote tumenyanyua mikono.