Bassu Uhaddu na Nusu Saa Yake ya Maji

Tarehe 30 Septemba 2025, Bwana Bassu Uhaddu, Mkuu wa Kitengo cha Kinga za Mazingira, anastaafu baada ya kuitumikia Mamlaka ya Maji ya mji wetu wa Azlagen kwa miaka thelathini na saba na miezi kumi na moja. Aliajiriwa tarehe 2 Novemba 1987 akiwa mpima mito daraja la tatu. Katika muda wote huo amekosa kazini siku tisa tu. Saba kati ya hizo alilazwa kwa ajili ya goti, na mbili zilizobaki alikuwa anaoa.

Mhariri wa jarida hili aliniomba niandike wasifu wa furaha, wenye vichekesho. Nitajitahidi. Lakini anayemjua Ami Bassu, kama sisi wadogo zake kazini tunavyomwita, anajua kwamba habari zake hazisimuliki kwa kicheko mwanzo mpaka mwisho, na mimi sitaki kumvisha sura isiyo yake siku ya kumuaga.

Tuanze na mepesi. Yeye ndiye aliyeandikisha nyumbu wa kubeba mizigo katika orodha ya vyombo vya usafiri vya ofisi, kati ya lori la mabomba na pikipiki, na kila mwaka akamjazia fomu ya ukaguzi. Kwenye sehemu ya breki aliandika "zipo, ila hutumika kwa hiari yake." Ndiye pia aliyekwenda kukagua kazi za makandarasi kwa miaka ishirini na minane huku akibeba mkate wake mwenyewe mfukoni. Mkandarasi mmoja aliwahi kumsogezea sahani ya zeituni, zeituni tu, akasema, "Bwana Bassu, chukua hata moja, mdomo usikauke." Akajibiwa, "Nikila moja, kesho mtaro wako nitauona una kina cha mita moja na nusu. Leo nauona una mita moja na robo. Chimba, ndugu yangu."

Sasa nije kwenye jambo ambalo ofisini tumelizungumza kwa kunong'ona miaka yote, na ambalo yeye mwenyewe hajawahi kulinong'ona.

Mwaka 1993 mji ulikuwa na kiu. Mabomba ya umma yalikuwa manne, na foleni zilianza alfajiri. Mradi uliletwa wa kuyatoa maji ya Mto Imerghan kule milimani na kuyashusha mjini kwa bomba la kilomita thelathini na moja. Kilichohitajika ni namba moja: mto una maji kiasi gani mwezi ambao ni mkavu kuliko yote? Bassu alitumwa Oktoba akiwa na kijiti chake cha kupimia, akapima siku tano mfululizo chini ya mashamba ya Tamarwut, akarudi na jibu. Lita mia moja na arobaini kwa sekunde. Ofisi nzima ilishangilia. Mimi nilikuwa mhandisi mchanga wa mabomba, na kwa namba hiyo nikakokotoa kipenyo cha bomba, nikaona fahari sana.

Katika ripoti yake alibandika picha. Wanaume wapatao sitini wa Tamarwut wamesimama ndani ya mfereji wao wa kumwagilia, suruali zimekunjwa, majembe mabegani, wanacheka. Chini aliandika: "Ushiriki wa wananchi ni mzuri." Siku hiyo walimkaribisha kuskusi kwenye ukingo, akala, akashukuru. Ripoti ikapita mikononi mwa watu kumi na mmoja, wote wakatia saini, nami nikiwa mmoja wao.

Julai iliyofuata alirudi kule kukaza nguzo ya kipimo. Theluji ilikuwa bado inayeyuka vileleni, kwa hiyo mto ulipaswa kuwa na maji mengi kuliko Oktoba. Akayakuta ni lita thelathini. Alipima mara tatu. Kisha akaenda kumtafuta Addi Umsad, mgawa maji wa Tamarwut, mtu wa rika lake ambaye kazi yake ni kusema nani afungue maji shambani kwake na kwa muda gani, na ambaye ulimi wake haujui kupaka mafuta.

"Maji yamekwenda wapi?" Bassu akamuuliza.

"Yapo mashambani, yanakokuwa siku zote," Addi akasema. "Wewe ulikuja wiki ya majembe."

Wiki ya majembe. Kila mwaka, kabla ya kupanda shayiri, Tamarwut hufunga mabanio yote kwa wakati mmoja, yaani ile milango ya mawe na matete inayochepusha mto uingie mferejini. Mfereji ukikauka, watu huingia kuondoa tope na mchanga. Kwa siku hizo sita mto wote hushuka bila kuguswa na mtu. Bassu alikuwa amepima maji ya shayiri na ya milozi, ile miti ya lozi, ya kaya themanini na nne, akayaandika kuwa ni ya ziada.

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Ulipita na kijiti chako, ukatoa salamu, ukala, ukatupiga picha, huyoo! Mimi nikasema, huyu bwana wa serikali, lazima anajua anachopima."

Ile picha ilikuwa imesema kila kitu. Watu sitini wamesimama ndani ya mfereji usio na tone. Hakuna hata mmoja kati yetu kumi na mmoja aliyeitazama.

Mwezi Septemba kulikuwa na kikao cha mwisho kabla ya kazi kuanza. Mabomba yalikuwa yamekwisha kufika, yamepangwa uani. Bassu hakuwa hata katika orodha ya wasemaji. Akanyoosha mkono, akasimama, akafungua ukurasa wa picha na kusema kwamba bomba lile likijengwa kama lilivyochorwa, Tamarwut itakauka katika kiangazi cha kwanza. Mkurugenzi wetu wa wakati ule, Mhandisi Lghazi, akamwambia, "Kaa chini, Bassu. Namba imepitishwa." Naye akajibu, "Namba ni yangu, Mhandisi. Mkono ulioiandika ni huu hapa. Naomba niifute mwenyewe."

Nilimchukia siku ile. Naandika hivi bila kuficha kwa sababu yeye anajua. Baba yangu alikuwa mgonjwa, na mdogo wangu alikuwa akibeba madumu kutoka bomba la umma kila asubuhi, na mtu huyu mmoja alikuwa ameyaahirisha maji ya mji mzima kwa miaka miwili zaidi. Wengi walisema angenyamaza tu, kwani nani angejua? Mkewe, Bi Rabha, alikuwa kwenye foleni ileile. Watu walipomtania alikuwa akipaza sauti, "Mwambieni bwana mkubwa wa maji kwamba mkewe ni wa hamsini na tatu, na aliye mbele yangu ana madumu kumi!" Kisha jioni anampikia, na hakumwambia hata siku moja kwamba alikosea kusema.

Adhabu yake ilikuwa masjala, miaka miwili ya kufunga mafaili kwa kamba. Wafadhili walipotaka kiundwe kitengo cha kuhakikisha kwamba maji ya mjini hayawakaushi wenye mto, hakuna aliyeitaka kazi hiyo. Akapewa Bassu, pamoja na meza chini ya ngazi. Hivyo ndivyo Kitengo cha Kinga za Mazingira kilivyoanza mwaka 1997. Fomu ya kwanza aliichapa mwenyewe, na swali la saba aliliongeza kwa kalamu: "Umemuuliza mgawa maji hii ni wiki gani?" Leo swali hilo limechapishwa kwenye kila fomu ya upimaji. Vijana wapya hulicheka mpaka wanapoelezwa.

Bomba likachorwa upya, jembamba zaidi, nami ndiye niliyelichora. Tukajenga tangi la kuhifadhi maji ya masika, milozi ikapandwa kwenye miteremko ili udongo usishuke mtoni, na sehemu ya malisho ya juu ikafungwa kwa kauli ya wafugaji wenyewe. Pia uliandikwa mkataba. Bassu alisisitiza kiwemo kifungu kimoja: maji yakishuka chini ya alama nyekundu kwenye nguzo, mji unafunga bomba lake kwanza, Tamarwut baadaye. Tuligombana naye juu ya kifungu hicho wiki tatu. Alishinda.

Lakini kazi yake kubwa kuliko zote haimo katika fomu yoyote. Tangu Oktoba 1994, mwezi mmoja baada ya kile kikao, kila mwaka alichukua likizo yake wiki ya majembe, akapanda Tamarwut na kuingia mferejini na wenzake. Mwaka wa kwanza walimwachia sehemu yenye mawe. Addi alikaa ukingoni akimtazama, akasema, "Chimba, mpima maji. Hapo ndipo ulipokula kuskusi yetu." Mwaka wa pili wakamwachia palepale. Ulipofika mwaka wa kumi, wazee wa mfereji wakakaa na kusema kwamba kwao zamu ya maji humfuata mwenye jembe, na huyu jembe lake wameliona. Wakamwandika katika daftari lao: nusu saa, kila duru ya siku kumi na mbili.

Bassu hana shamba Tamarwut, hana hata mti mmoja. Akaomba nusu saa yake isiingie mferejini bali iachwe ishuke mtoni mpaka kwenye bomba la mji. Tulimcheka sana. Nusu saa, mji wa watu elfu arobaini! Nilimwambia, "Ami Bassu, hayo hayatoshi hata kunawia." Akasema, "Hayatoshi. Lakini ni ya halali."

Kisha kikaja kiangazi cha 2022, mwaka wa tatu bila theluji. Agosti maji yakashuka chini ya alama nyekundu. Hati ya kufunga bomba la mji ilipaswa kusainiwa na Mkuu wa Kitengo cha Kinga, naye aliisaini bila kuchelewa hata siku moja. Sokoni walimtukana mbele ya mkewe. Malori yalileta maji mtaani, ila hospitali haikutosheka, na wodi ya wazazi ilikuwa imeanza kuwahamisha akina mama. Maji pekee ambayo mkataba uliyaruhusu kushuka yalikuwa nusu saa ya Bassu.

Yalishuka Jumatano, tukayaelekeza yote hospitalini. Nilikuwa kwenye tangi la hospitali na saa mkononi, na sioni haya kusema kwamba nililia. Duru iliyofuata tulisubiri nusu saa ileile. Ikapita, maji yakaendelea. Nikadhani banio limevunjika, nikampigia Addi simu.

"Halijavunjika kitu," akasema. "Hiyo ni yangu. Ikiisha ni ya binamu yangu, halafu ya mjane wa Zayid. Tuko kumi na mmoja, kila mmoja nusu saa."

"Lakini milozi yenu?"

"Milozi inalia, tunaisikia. Huyu mtu ametuchimbia miaka ishirini na minane na hana hata jani hapa. Sasa sisi tutakaa tunamtazama akitukanwa peke yake? Lindeni hospitali yenu, mama wa mabomba."

Saa sita za maji kila siku kumi na mbili ziliiendesha hospitali mpaka mvua za Novemba. Zamu zile kumi na mbili bado zimo daftarini, ndizo akiba ya hospitali yetu, na ya Bassu ndiyo iliyotangulia.

Sasa lipo tatizo, na ndilo lililoninyima usingizi tangu nipewe kuandika wasifu huu. Mwaka jana daktari alimkataza kusimama kwenye maji ya baridi. Akapanda Tamarwut hivyohivyo, akakaa wiki nzima juu ya jiwe, fimbo mkononi. Kwa heshima hawakusema kitu. Lakini kanuni yao ni moja, wiki ya majembe ikipita mara mbili bila jembe, jina hufutwa. La kwanza likifutwa, wale kumi na mmoja watakuwa wanampa nani? Bassu hajatuomba chochote. Ofisini tumemchangia saa ya ukutani na joho la sufu, zawadi nzuri zote, na hakuna hata moja inayoweza kuzibua mfereji.

Ijumaa iliyopita nilimpigia Addi. Nikamuuliza kama jembe lazima lishikwe na mwenye jina. Akasema, "Daftari halijali mkono wa nani, mradi tope litoke. Nani anakuja?" Nikamwambia ni mimi. Alicheka mpaka akakohoa. "Mwanamke, na miaka hamsini na sita! Haya, njoo. Sehemu yenye mawe unaijua?"

Ami Bassu, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Mamlaka, na ya watoto waliozaliwa katika wodi ile kiangazi kile bila kujua, ahsante. Ahsante kwa Bi Rabha pia, aliyesimama foleni kwa ajili ya ukweli wako. Tunawaombea uzee wenye afya, goti lisilouma, na chai ya mnanaa isiyokatizwa na simu ya ofisi.

Mabanio yatafungwa Jumatatu tarehe 6 Oktoba, saa mbili asubuhi. Nimeuliza kwanza. Jiwe lako lipo palepale, njoo ukae unikosoe. Likizo yangu imekubaliwa, jembe nimenunua, na katika daftari la Tamarwut nitachimba kwa jina lako.

Fadma Asmlal
Idara ya Mabomba