Mafuta Yaliyo Tangini

Benchi la Zoila, muuza kahawa, limeegemea ukuta wa gereji ya Rosendo, kando ya barabara inayozunguka ziwa la Yahuarcocha. Siku za mashindano barabara hiyo hufungwa, ikawa uwanja wa mbio za magari. Huku juu milimani hewa ni nyepesi. Mtu akipanda ngazi huhema, na injini nayo huhema. Asubuhi ile ya Alhamisi Rosendo alikaa mwisho wa benchi na kikombe alichosahau kukinywa. Nyuma yake, mlangoni mwa gereji, lilisimama Datsun la kijani la mkewe, Maruja. Maruja ndiye aliyekuwa dereva. Rosendo alishika spana. Tangu wamzike Maruja, gari halikuwashwa tena. Jumamosi alikusudia kuliendesha mwenyewe mashindanoni, na alikuwa amefanya kosa la kuwauliza watu wa benchi alitilie mafuta gani.

— Supa, — alisema Wilmer, ambaye benchi zima lilimwita Injinia kwa kuwa aliwahi kuuza fenibelti. — Oktani nyingi. Hewa ya hapa haina nguvu, basi nguvu itie kwenye mafuta. Hesabu ya darasa la pili hiyo.

— Ndiyo maana uliishia la pili, — alisema Zoila.

— Maruja alitia Ekstra, — alisema Rosendo. — Ile ya oktani themanini na tano.

— Marehemu alikuwa na roho nzuri, jirani, lakini Ekstra ni ya pikapu za viazi.

— Na alikuwa akikuacha nyuma wewe na Supa yako, Injinia, — alisema Zoila.

— Siku ile nilipata pancha!

— Kila mwaka pancha ileile?

Segundo, aliyekaa kando ya Injinia, alicheka mpaka kahawa ikampalia. Walimwita Kasisi, ingawa kanisani kazi yake ilikuwa kengele tu.

— Nyote hamjui, — alisema alipopata pumzi. — Binamu yangu kule pwani hunyunyizia migomba dawa kwa ndege. Mafuta ya ndege, ndugu zangu! Kama yanatosha kule mawinguni, hapa yatashindwaje?

— Basi na ayapoze kwa barafu, — Injinia alidakia. — Mafuta ya baridi hunenepa.

— Barafu yangu ni ya aiskrimu ya mchana, — alisema Zoila. — Mkono wako uishie hapo hapo.

— Na madirisha afunge, — Kasisi aliongeza, — hewa kidogo iliyomo isimtoroke.

Rosendo aliweka kikombe chini.

— Hewa nyepesi haibanwi sana ndani ya silinda, — alisema. — Kwa hiyo Ekstra inatosha. Maruja aliweka kabureta yenye tundu dogo, akasogeza taimingi, ule wakati wa cheche, mbele mpaka injini ianze kugonga, kisha akairudisha kidogo. Kwa sikio.

— Sasa unatuuliza nini, jirani? — alisema Zoila.

— Sikio lilikuwa lake. Mimi nilishika distributa ya cheche tu, nikiizungusha aliposema. Supa ingenisamehe nikikosea. Ekstra haisamehe. Nikipitiliza, pistoni zake zitatoboka.

Wakati huo kijana aliyekuwa akishusha matairi ya mashindano alikuja kuketi, akihema kama watu wote wa Esmeraldas, kule pwani, wanapopanda huku. Jina lake Jairo. Zoila alimpa kahawa. Akapuliza, akalitazama Datsun.

— Samahani, wazee wangu. Sasa hivi tangini mna nini?

Injinia alimtazama Kasisi. Kasisi alitazama ziwa. Walijua wote. Mle ndani mlikuwa na Ekstra aliyoijaza Maruja baada ya mazoezi yake ya mwisho. Rosendo alikuwa akifungua kifuniko kila Jumapili, ananusa, anafunga.

Aliinuka.

— Mama Zoila, niazime ndoo.

Alifungua tangi kwa chini, na mafuta yalitoka na rangi ya chai isiyotiwa maziwa, yakinuka kama rangi ya mlango.

— Bakiza kidogo kwenye chupa, jirani, — alisema Injinia kwa sauti ya chini. — Kumbukumbu.

— Yameoza, Wilmer. Angenicheka.

Alimimina Ekstra mpya kutoka kwenye dumu, akafungua boneti, akalegeza nati ya distributa.

— Jairo, njoo ushike hapa.

— Mimi sijui kitu, mzee. Naleta matairi.

— Hata mimi sikujua. Zungusha polepole. Nikisema acha, unaacha.

Rosendo alizungusha ufunguo. Datsun lilikohoa, likazima, likakohoa tena, likashika. Alirudi kwenye boneti, akainama, akavuta waya wa mafuta, mlio wa injini ukapanda. Akafumba macho.

— Mbele. Mbele tena.

Sauti ya kugonga ilisikika kwa mbali, kama kokoto ndogo zinazotikiswa mkebeni. Injinia alifungua mdomo. Zoila akamkanyaga mguu.

— Rudisha kidogo, — alisema Rosendo. — Kidogo. Acha.

Kokoto zilinyamaza. Rosendo alikaza nati kwa mkono wake mwenyewe.