Mama Émilienne, Aliyeuliza Mara ya Pili

Tarehe 30 Juni, Mama Émilienne Kabedi atavua nguo yake nyeupe ya kazi baada ya miaka thelathini na miwili ya kuuguza wagonjwa.

Alianzia chumba cha uzazi kule Kapolowe, ambako wasichana wasiopungua saba wamepewa jina lake. Baadaye alihamia Likasi, na miaka tisa iliyopita alipelekwa Lubumbashi kujifunza kazi ya dialisi. Tangu hapo, watu ambao figo zao zimechoka humjua yeye kabla ya kumjua daktari. Ni yeye aliyechora mstari wa rangi nyekundu ya kucha kwenye kikombe cha kila mgonjwa, ili maji ya kunywa, ambayo figo haziwezi tena kuyatoa, yasipite hapo. Papa Michée alifuta mstari wake akauchora juu zaidi. Kesho yake alikuta amewekewa kikombe cha mtoto. Na anayekoroma wakati mashine inasafisha damu yake, Mama humwamsha na kumdai habari za mtaa mzima. Usingizi wa mchana, husema, unaiba ule wa usiku.

Wenzangu walinipa kazi ya kuandika haya kwa sababu nina mwandiko mzuri. Naona haya, maana mwandiko huohuo ulimponza Mama.

Nilipata diploma mwaka jana, na tangu Januari napima uzito wa wagonjwa na kujaza daftari la usingizi. Mama Émilienne alilianzisha kwa sababu wengi wanaoanza dialisi hawalali: miguu haitulii, ngozi inawasha, pumzi inakatika wakilala chali. Mimi niliogopa kuwauliza watu wazima habari za kitanda chao. Nikawa nawasalimia tu, kama nyumbani: umelala muzuri? Wote waliitikia kwamba wamelala muzuri, nami nikaandika hivyo kwa wino wa bluu, bila doa.

Papa Georges, fundi vyuma wa zamani katika mgodi wa Kambove, alikuwa na wiki sita za dialisi. Kwa daftari langu, hakuna aliyelala kama yeye. Daktari alisoma, akapita. Siku moja Papa Georges alimwambia Mama kwamba harudi tena, kwamba amechoka na ni bora afe akiwa amelala. Mama alifungua daftari, akanitazama, kisha akaketi karibu naye na kumuuliza upya: aliamka mara ngapi, alifanya nini alipoamka. Akamuuliza pia mkewe, Mama Clémentine, aliyesema mumewe hukaa ukingoni mwa kitanda akisugua miguu mpaka jogoo awike.

Papa Georges alinitetea. "Ule mutoto alikuwa ananisalimia," alisema. "Salamu, tunaitikiaka muzuri."

Daktari aliudhika, akataka kujua nani aliandika. Nilikuwa nimesimama kando ya mizani.

"Daftari ni yangu, docteur," Mama Émilienne alisema.

Akakaripiwa mbele yetu sote, kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo. Baadaye aliniambia neno moja tu: "Salamu, umalize kwanza. Kisha ukae, uulize."

Damu ya Papa Georges ilipimwa, ikaonekana imepungukiwa na madini ya chuma, upungufu ambao hufanya miguu isitulie usiku. Mama alimtania kwamba fundi wa vyuma amekosa chuma. Alitibiwa, miguu ikatulia polepole. Sasa analala kwa muda wa karibu saa tano kila usiku, na hajakosa siku yake ya mashine hata moja.

Mama hakutaja jina langu kwa mtu yeyote. Basi nalitaja mwenyewe, mbele ya daktari na jamaa wote: aliyeandika ni mimi, Shekina. Karipio lile lilikuwa langu.

Asante, Mama, kwa wagonjwa na kwa sisi uliotufunza. Nenda na baraka zetu. Na asubuhi yako ya kwanza ya kupumzika, majirani wakikusalimia na kukuuliza kama umelala muzuri, uwaitikie ndiyo, na iwe kweli.