Marehemu Bado Anakula Posho

Tulikuwa katikati ya mto, kwenye mtumbwi wa injini unaovusha watu kwenda Lubunga, mama mmoja muuza samaki alipomwambia fundi cherehani aliyeketi kando yake kwamba mwanawe Noël ameuawa vitani, na jenerali wake amekataza matanga.

"Anakataza juu ya nini?" fundi akauliza.

"Anasema Noël hayakufa bado. Posho ya Noël inatoka kila mwezi, na ni jenerali anakulaka."

Akamtaja jenerali kwa jina. Fundi akalifunika kwa mkono gwanda lililokuwa mapajani mwake, lenye jina hilohilo kifuani. Alikuwa amepewa alishonee nyota mpya.

"Bon, mama, mukubwa iko anapigania inchi yetu."

"Yeye iko hapa mujini, papa, anazidi kunenepa. Mwenye alipigana ni mutoto yangu, na alienda na sandali."

"Pole. Vita ikiisha, mutafanya matanga."

"Itaisha namna gani? Siku vita inaisha, yeye atatuonyesha batoto wetu iko wapi?"

Mtumbwi ukagusa mchanga. Fundi akawahi kushuka, gwanda kwapani, begi lake la nyuzi akalisahau. Mama akampa, akalitazama lile gwanda.

"Shona muzuri, papa. Ile nyota ni ya Noël."