Gari la Ustadhi Jora Liko Nje ya Geti

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mian Waqas, mwenye kiwanda cha feni na mfadhili wa shindano letu, Imamu wetu, wazee wa mtaa, wanamieleka wote, na akina mama mlio nyuma ya pazia: Assalaam aleikum.

KARIBU

Sisi wanamieleka wa Akhara ya Tahliwala, uwanja wetu wa mieleka hapa Gujranwala, tunakukaribisha kwenye udongo wetu. Tumeupindua tangu alfajiri na kuutia mafuta ya haradali na manjano, kama marehemu baba yako, Haji Barkat, alivyopenda kuukuta. Yeye alikuwa akifika anavua viatu pale mlangoni, anauchota udongo kiganjani, anaunusa, ndipo anaketi. Leo nawe umevua viatu palepale bila kuambiwa na mtu. Wazee wameliona hilo na limewagusa.

Kiti kilicho wazi mstari wa mbele kisikukwaze. Tulipata ujumbe wako kwamba utakuja kwa sharti moja, Ustadhi Jora, mwalimu wetu wa mieleka, asikae meza kuu, nasi tumetii. Kiti chenyewe ndicho kimetushinda kukiondoa. Ni cha chuma, kilichochomelewa maalumu kwa ajili yake, na ni kizito kweli.

HISTORIA FUPI

Mgeni rasmi, wakati Ustadhi wetu anachukua ubingwa ulikuwa masomoni ng'ambo, kwa hiyo turuhusu tukueleze ilivyokuwa. Alipomlaza chali bingwa wa Multan, baba yako alimfunga kilemba cha ubingwa kwa mikono yake mwenyewe, kisha akamkabidhi ufunguo wa gari jipya jeupe, lile dogo ambalo nusu ya mji huu inaliendesha. Haji, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mfupi. Alipokwenda kulinunua alikaa ndani yeye mwenyewe, akaona nafasi ni tele, akalipia.

Jora aliambiwa aingie apigwe picha. Akaingiza mguu, akaingiza bega, na baada ya hapo hakuna kilichoingia tena. Alinasa. Tukamvuta tukiwa wengi, mji mzima ukacheka, na Haji alicheka mpaka akatoa leso kufuta machozi. Jora naye alicheka. Picha ikapigwa amesimama, mkono juu ya paa. Gari likaendeshwa na mtu mwingine hadi kwake, yeye akilifuata kwa miguu na kilemba chake kichwani.

Kwetu sisi, zawadi ya siku ya kilemba haiuzwi wala haibadilishwi. Anayeiuza ni sawa na aliyekivua kilemba akakitupa barabarani. Basi fundi wetu aling'oa viti vya mbele vyote viwili, akarefusha usukani, akaunga vyuma kwenye pedeli na kwenye gia, na Ustadhi akawa anaendesha akiwa kiti cha nyuma. Mkewe, Mama Nadim, alikaa kando yake. Ukilitazama linakuja, unaona abiria wawili wametulia nyuma na mbele hakuna mtu. Watoto wa mtaani walikuwa wakikimbia wakiimba, "Gari la jini linapita."

Haji hakuwahi kuambiwa habari hiyo. Kila walipokutana alimuuliza, "Jora, gari linakutosha?" Naye alijibu kila mara, "Limenienea, Haji sahib."

MAFANIKIO

Ni mengi, na wewe umeyagharimia, kwa hiyo hatutakuchosha. Mabingwa wa mkoa wametoka hapa. Vijana waliokuwa wakishinda vijiweni leo wanashindana kusaga lozi za kutia kwenye maziwa ya mazoezi. Na mwaka huu tunaye Khawar, aliyesimama kulia kwangu, ambaye anasubiri kukabidhiwa gari na mkono wako. Mnamwona alivyo mrefu. Hapo alipo ameinama kidogo kwa ajili ya turubai.

CHANGAMOTO

Mwanamieleka huanza kuzeeka magotini. Ustadhi Jora alipoacha kushindana, mwili ulizidi kunenepa, sukari ikaingia, magoti yakakataa. Kukaa mle garini kukawa mateso, na kutoka ni mateso zaidi.

Kuna mwaka tulimshawishi akubali tu kutazama magari mengine. Tulizunguka naye kutwa nzima. La kupandia milimani lilikuwa na nafasi, lakini kulipanda kulitaka goti ambalo hana. La kifahari lilikuwa chini mno. Alizama vizuri, kumwinua ikawa kazi. Jingine kiti kilimpokea, mlango ukamkataa. Muuzaji mmoja alimpima kwa macho akamwambia, "Mzee, wewe nunua lori, au upunguze chapati." Ustadhi alicheka kuliko sisi.

Jioni, nyuma ya gereji moja barabara ya Sialkot, tulikuta kigari kuukuu cha abiria. Mlango mpana, sakafu tambarare, kiti usawa wa paja, gia za kujibadili zenyewe. Aligeuka tu, akakaa. Hakuinama. Akanyoosha miguu yote miwili, akafumba macho.

"Kumbe watu huwa wanakaa hivi," akasema.

Mama Nadim alitaka kinunuliwe palepale, hata kwa bangili zake. Ustadhi akatikisa kichwa. Mama akamuuliza mbele yetu, "Baba Nadim, kwani Haji alikupa gari au alikupa kifungo?"

"Alinipa mbele za watu," akajibu. "Nikiliacha, watasema Jora amepata kubwa zaidi, amemsahau aliyempa." Akaomba tumwinue, tukarudi nyumbani.

Sasa tunafika pale panapouma, Mgeni rasmi, na tunakuomba utuvumilie.

Siku ya maziko ya baba yako, majira ya baridi yaliyopita, uliporudi kutoka ng'ambo ulimkuta Haji tayari ni wa kuzikwa. Ustadhi Jora alitoka kwake akiendesha mwenyewe. Alipofika geti la makaburi akajaribu kushuka, na goti la kulia likabanwa kati ya usukani na nguzo ya mlango, likavimba hapohapo. Sisi tulikuwa na jeneza, hatukujua kwamba amenasa. Jeneza likapita kando ya dirisha lake. Wewe ulikuwa umebeba pembe ya mbele. Ulimtazama, naye akakutazama. Uliona mtu mnene amekaa kiti cha nyuma cha gari alilopewa na baba yako, kama tajiri anayesubiri dereva wake, na hashuki. Hatukulaumu. Hata sisi, kama tusingelijua gari lile, tungewaza ulivyowaza.

Tulimkuta makaburi yameshabaki matupu. Tulimuuliza mbona hakupiga kelele tuje tumtoe.

"Niliponasa mara ya kwanza, mji mzima ulicheka," akatuambia. "Siku ile ilikuwa sawa, Haji naye alikuwa anacheka. Leo niwachekeshe watu mbele ya jeneza lake?"

Sala ya jeneza aliisali palepale kitini, peke yake, usukani umemgandamiza kifuani. Kesho yake Mama Nadim alipeleka chakula cha msiba nyumbani kwenu. Sufuria ilirudishwa na chakula chake ndani. Ustadhi aliitazama sufuria ile, akasema tule sisi, kisingizio ni kwamba asingetaka kiharibike.

Alitukataza kukueleza. Hata risala hii tulimsomea jana, akasema, "Semeni habari za kijana. Zangu ziacheni." Tukaitikia, ndiyo, Ustadhi. Katika akhara hii hakuna aliyewahi kumkaidi, na leo tunamkaidi sote kwa pamoja.

MAOMBI

Ombi la kwanza ni la Khawar. Ufunguo tunauona hapo mezani na tunashukuru kwa dhati. Tunaomba ufunguo huo ubaki hapo hapo kidogo, hadi Khawar aende mwenyewe akakae ndani ya gari, afunge mlango, akanyage pedeli zote, kisha atoke bila kushikwa mkono. Kiti kirudi nyuma ya kutosha, na kiwe usawa wa paja, ili siku magoti yake yakichoka aweze kutoka kwa kusimama tu. Likimkataa, baba yako asingeona aibu kulibadilisha kabla ya kilemba. Aibu huanza baada ya kilemba.

Ombi la pili. Jumatatu Ustadhi Jora atakatwa mguu wa kulia, juu ya goti, kwa sababu ya ile sukari. Baada ya hapo hataendesha tena gari lile. Hatukuombi gari kwa ajili yake, wala kumlipia matibabu. Yeye hajaomba chochote. Aliposikia hatakiwi meza kuu alisema ni sawa, atakaa nje. Ila alitaka kuja mwenyewe, na kwa gari lile, ili walau mwana wa Haji alione, ajue halikuuzwa.

Yuko nje ya geti, kando ya ukuta wenye tangazo la feni zenu. Kumtoa mle ni shughuli ya watu wanne, na hataki kutolewa watu wakitazama. Kwa hiyo yeye hawezi kuja kwako. Tunaomba uende wewe. Mama Nadim yuko hapa nyuma ya pazia na wenzake, na nafasi yake ya kando ameiacha wazi kwa makusudi.

Ukifika utamkuta kiti cha nyuma, Mgeni rasmi. Usitafute dereva. Dereva ni yeye.

Mwenyezi Mungu amlaze Haji Barkat mahali pema, aibariki mikono yako iliyobeba jeneza lake, na Jumatatu amfanyie Ustadhi wetu wepesi. Amin.

Ni sisi,
Wanamieleka wa Akhara ya Tahliwala,
Gujranwala.