Gitaa Lililoimba Sauti ya Pili

Ijumaa ya pili ya mwezi wa kumi na moja, baada ya chai ya asubuhi, nilikuwa nimeketi kwenye meza ya jikoni kwangu, Riyadh, penseli mkononi, nikiandika nota za wimbo wa roki wa Kijapani ili nithibitishe kwamba ni upuuzi mtupu. Bwana na apokee sifa zake, ndugu zangu! Niliketi pale nikiwa mshitaki, nikainuka nikiwa mshitakiwa aliyesamehewa.

Wengi wenu katika kikundi chetu cha maombi mnanijua kama mtaalamu wa maabara asiyecheka ovyo. Wachache mnajua kwamba nyumbani Iringa nilifundisha kwaya kwa miaka kumi na minane. Nota za solfa, zile do-re-mi ambazo walimu wetu wa kwaya huziandika kwa herufi juu ya maneno, nazijua kama jina langu. Wimbo nikiusikia mara mbili tu, naugawa katika sauti nne kabla chai haijapoa. Nalisema hili kwa fahari, wala sioni haya.

Lakini fahari hiyo hiyo ndiyo iliyoniangusha. Binti yangu Upendo alinunua gitaa la umeme. Nilimwambia mbele ya kwaya nzima kwamba chombo kile ni cha baa. Akavumilia, akaendelea kulipiga mazoezini, taratibu, nyuma ya waimbaji wa bezi. Jumapili moja, katikati ya wimbo nilioutunga mwenyewe, gitaa likapanda, likasikika wazi. Sikuuliza kitu. Nilishuka, nikachomoa waya wa gitaa ukutani, nikarudi kuongoza. Kanisa zima liliona! Upendo alilaza gitaa sakafuni, akatoka kwa mlango wa pembeni, na tangu siku ile hakunisemesha. Salamu zake zilinifikia kupitia kwa dada yangu.

Muda si mrefu nikapata mkataba wa kazi huku. Ndugu zangu, niliondoka nikijiambia kwamba nimeitetea nyumba ya Mungu. Lakini sikuimba tena. Miaka mitatu! Hata nanyi mlipoanzisha pambio, mimi nilifungua Biblia nikajifanya natafuta andiko.

Kazini, chumba chetu kina watu wawili: mimi na Hessa, mzaliwa wa Riyadh, hodari wa kazi na wa utani. Kwa desturi ya kwao haniiti kwa jina langu. Ananiita Umm Upendo, yaani Mama Upendo. Kila siku, mara ishirini, jina la mtoto asiyenisemesha! Hessa aliipenda tangu utotoni bendi ya Kijapani yenye wimbo ule, kupitia katuni za televisheni zilizotumia nyimbo zake. Bendi ina zaidi ya miaka thelathini jukwaani, na kila alasiri nyimbo zake hujaa maabara.

"Zima kelele hizo, damu za watu zitaganda," nilimwambia siku moja.

"Damu inagandishwa na uso wako, Umm Upendo, si na muziki!"

"Huo si muziki. Ndani hamna kitu."

"Si wewe mwenye zile herufi zako? Ziandike, unioneshe hicho kitu kisichokuwamo. Ukishindwa, tunakwenda wote Jeddah kuwaona wakipiga. Halas, yamekwisha."

Ndiyo sababu Ijumaa ile nilikuwa na penseli mkononi. Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni subira ya watu wale. Beti huimbwa chini, karibu kama mtu anayezungumza na jirani. Kisha kiitikio hupanda ngazi moja moja, bila haraka, hata mimi nisiyejua neno la Kijapani nikajua hasa ni wapi pa kufungua kinywa. Hakuna anayemkanyaga mwenzake. Nikaelewa kwa nini umati huwafuata miaka yote hiyo: wimbo umeachiwa nafasi ya msikilizaji.

Nikaandika sauti ya kwanza. Nikaandika bezi. Nikatafuta sauti ya pili, ambayo ndiyo yangu tangu utotoni, nisiione. Hakuna mwimbaji aliyeiimba. Nikarudia mara nne. Ilikuwa kwenye gitaa! Lilitembea chini kidogo ya mwimbaji, likimpokea kila pumzi yake ilipoisha.

Penseli ikaniponyoka. Jumapili ile waimbaji wangu wawili wa sauti ya pili walikuwa wagonjwa, safu imebaki na mtu mmoja. Nikakumbuka nota alizokuwa akipiga Upendo, moja baada ya nyingine. Zilikuwa sauti ya pili, kama nilivyoziandika mimi mwenyewe! Mwanangu hakuwa akitufunika. Alikuwa akiziba pengo langu, nami nikamzima.

Nililia. Nikapiga magoti jikoni, nikatubu. Nilipoinuka, nikaimba, ndugu zangu! Sauti ilitoka na kutu, lakini ilitoka.

Basi nikashindwa dau, na kwa furaha. Jeddah tulikula wali wa kuku katika mtaa wa Sharafiya, kisha tukaenda kuwasikiliza. Wanaume wale wana mvi, na bado wanatazamana kabla ya kila kiitikio kama vijana wanaoanza. Mwimbaji akanyamaza, akatuachia. Maelfu wakaimba sauti ya kwanza. Mimi nikashika ya pili.

Hessa akanigeukia. "Umm Upendo! Hiyo umeitoa wapi?"

"Kwa binti yangu," nikamjibu.

Wewe unayesoma haya ukiwa umefunga kinywa, mwamini Mungu. Yeye hachagui mlango kwa kufuata mapendeleo yetu. Wiki chache baadaye niliituma barua hii:

"Upendo mwanangu,

Jumapili ile ulikuwa unapiga sauti ya pili. Imenichukua miaka mitatu kuisikia. Nisamehe. Waya niliuchomoa mbele ya watu, kwa hiyo ukiridhia, mchungaji awasomee watu hao hao barua hii.

Huku naitwa kwa jina lako. Zamani liliniuma. Sasa naitika kwa sauti kubwa, kwa kuwa najivunia kuwa mama yako.

Ndani ya bahasha kuna wimbo wa Kijapani, nota nimeziandika kwa mkono wangu. Maneno usihangaike nayo. Sauti ya kwanza ipo, ya tatu ipo, bezi ipo. Mstari wa sauti ya pili nimeuacha mtupu. Huo ni wa gitaa lako.

Mama Upendo."