Sista Lukresia na Wasafiri wa Viazi

Tarehe 30 Juni 1997 Sista Lukresia Mgaya, muuguzi wa zahanati yetu hapa Njombe, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Alianzia Tandala mwaka 1966, akahamia kwetu 1974, na tangu hapo hajachelewa kazini hata siku moja, jambo ambalo sisi wengine tuliliona kama uonevu.

Serikali ilipofungua biashara kwa watu binafsi, wakulima wetu walianza kupeleka viazi Dar es Salaam wenyewe. Huku kwetu baridi imewafukuza mbu, basi mtu akitetemeka tunamwambia avae koti. Ndivyo ilivyomkuta Edson, mfanyabiashara wa viazi, Julai 1990. Alifika akitetemeka, Sista akampa aspirini na kumwambia akanywe chai ya moto. Hakumuuliza ametoka wapi. Kumbe alikuwa amelala siku tisa juu ya magunia sokoni Dar, bila chandarua.

Kesho yake mkewe, Yunisi, alimleta akiwa hajitambui. Malaria ilikuwa imepanda kichwani. Sista alimtundikia dripu ya kwinini, na kabla haijajulikana kama atapona, alimwambia Yunisi: "Mama, jana nilimrudisha bila kumpima. Kosa ni langu." Tulishtuka. Katika kazi yetu watu hawasemi hivyo.

Edson alipona siku ya nne. Tangu hapo kila mwenye homa huulizwa kwanza mwezi huu amelala wapi. Mzee mmoja aliulizwa mbele ya mkewe, akapata homa nyingine papo hapo.

Siku zake za mapumziko Sista alikwenda stendi ya Makambako. Miraji, mwenye mabasi, alimruhusu azungumze na abiria kabla gari halijaondoka: chandarua, maji yaliyochemshwa, chakula cha moto. Makonda walimbatiza Mama Chandarua, naye alilipenda jina hilo kuliko cheo chake. Mwaka jana hatukumpoteza msafiri hata mmoja kwa malaria.

Yunisi ameomba neno lake liingie katika salamu hizi za kumuaga. Watoto wake watano amewaleta kwa Sista Lukresia tu, hata foleni ikiwa ndefu na muuguzi wa meza ya pili amekaa bure. Anasema: "Huyu akikosea, ataniambia."

Muuguzi wa meza ya pili ni mimi. Sista, asante kwa kunifundisha kazi. Pumzika, na Mungu akupe uzee wenye afya.